Sindano si Chanjo: Kusoma Elimu ya Kinga na Virusi vya Mifugo kwa Kiswahili, kwa Mfano wa Moi's Bridge

Utangulizi

Mwanafunzi wa tiba ya mifugo nchini Kenya hufundishwa elimu ya kinga na elimu ya virusi kwa Kiingereza, huzifanyia mtihani kwa Kiingereza, kisha hutumwa kuzitumia kwa Kiswahili. Hakuna mtahini anayempima katika lugha hii ya pili. Mtahini wake ni mfugaji, naye hatoi alama. Hutoa ng'ombe au humficha.

Makala haya yanalichunguza pengo hilo. Dai letu ni kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya kufundishia taaluma hizi mbili. Mengi kinayo tangu zamani, mengine kimeyapata katika miongo ya karibuni kutokana na vita dhidi ya UKIMWI na baadaye korona. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuyatenganisha maneno machache ambayo kila siku huchanganywa, na mchanganyiko huo una gharama yake.

Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini zizini. Istilahi nyingi za sayansi ni sitiari zilizozoeleka hata zikasahauliwa kuwa ni sitiari, na kuzisoma sitiari ndiyo kazi tuliyofunzwa.

Tumechagua Moi's Bridge kuwa uwanja wa mifano yetu kwa sababu mahali hapa pana hali inayolifanya suala la lugha lisiepukike. Mji huu, uliojulikana zama za walowezi kwa jina la Hoey's Bridge, umo katika Kaunti ya Uasin Gishu, karibu na mipaka ya Trans Nzoia na Kakamega, kwenye barabara na reli ya kutoka Eldoret kwenda Kitale. Wengi huujua kwa mahindi na kwa maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao. Hata hivyo, shamba la mahindi la huku aghalabu lina ng'ombe wawili watatu wa gredi pembeni, na maziwa yao ndiyo hulipa karo mahindi yanapochelewa kununuliwa. Wenye ng'ombe hao ni Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu na wengineo. Daktari wa mifugo anaweza kuwa ametoka Kisii au Machakos. Kati yake na mfugaji hakuna lugha nyingine ya kukutania isipokuwa Kiswahili.

Chanjo, dawa na sindano

Tuanze na mazungumzo ya aina inayosikika mara kwa mara maeneo haya. Mama mmoja anampokea daktari langoni:

– Daktari, huyu ng'ombe anatoa mate tangu jana, na anachechemea. Mdunge sindano.
– Hao wengine je, mama? Wanakula?
– Hao ni wazima. Lakini wadunge pia, wasipatwe.

Katika maneno hayo machache, sindano imetajwa mara moja lakini imeombwa mara mbili, na kila mara ni kitu tofauti. Ya kwanza ni tiba ya mgonjwa. Ya pili ni kinga ya mzima. Mama hajakosea Kiswahili. Lugha ya kila siku huita kitu kwa chombo chake, na chombo ni kimoja. Ila daktari akijibu "sawa, mama" na kuendelea na kazi, yale anayoyaelewa yeye na anayoyaelewa mama yameachana njia.

Ugonjwa unaoelekea kuwapo hapo ni ule wa miguu na midomo, unaosababishwa na virusi. Hauna dawa ya kuuponya. Antibiotiki ambayo huenda daktari akamdunga yule mgonjwa haigusi virusi hata kimoja. Huwazuia bakteria wasiingie kwenye vidonda vya ulimi na kwato, na maziwa ya ng'ombe huyo hayafai kuuzwa mpaka muda wa dawa upite. Chanjo kwa wale wazima ni jambo jingine kabisa. Mwili huhitaji siku kadhaa, pengine wiki moja au mbili, ili kujenga kinga ya kutosha. Ikiwa virusi vilishaingia zizini kabla ya daktari, mmoja wa wale "wazima" ataanza kutoa mate siku ya pili au ya tatu baada ya kuchanjwa. Mama atahesabu siku na kufikia uamuzi ambao kimantiki hauna kasoro: sindano ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Uvumi mwingi kuhusu chanjo huzaliwa namna hiyo, kutokana na hesabu sahihi iliyofanywa kwa maneno yasiyotosha. Mwishoni mwa mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, pamoja na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya sotoka yao. Upinzani uliozuka ulikuwa mkubwa. Palisemwa kwamba chanjo ilikusudiwa kubadilisha maumbile ya ng'ombe, au kupunguza gesi inayotoka matumboni mwao. Sababu nyingine zilikuwa za kisiasa na si mada yetu. Lakini mjadala ule uliendeshwa sokoni na redioni kwa Kiswahili na kwa lugha za kwetu, na neno moja, chanjo, lilibebeshwa kila kitu: kitu kilichomo chupani, namna kilivyotengenezwa, anayekileta na anayekilipia. Aliyetaka kuuliza swali la kisayansi na aliyetaka kuuliza swali la siasa walitumia neno lile lile, na wote wawili walijibiwa kwa pamoja.

Neno lenyewe lina historia njema. Chanjo hutokana na kitenzi chanja, yaani kukata au kutia chale, kama mtu achanjavyo kuni au mganga achanjavyo ngozi ili apake dawa. Chanjo ya ndui ilitiwa kwa kukwaruza ngozi, na jina likaganda. Kwa hiyo hata neno chanjo, kama sindano, liliita kitu kwa kitendo cha mkono. Tofauti ni kwamba chanjo limehama: leo maana yake ni kitu kinachoufundisha mwili kabla ya ugonjwa kuja. Pendekezo letu kwa mwanafunzi wa tiba ya mifugo ni la kawaida kabisa. Asiseme sindano pasipo kuongeza neno: sindano ya dawa, sindano ya chanjo. Neno hilo moja la nyongeza lina thamani kuliko ukurasa mzima wa istilahi mpya.

Ipo chanjo moja ambayo inaivuruga hata kanuni hii, na ni haki itajwe. Ndigana kali, ambayo wengi Kenya huiita homa ya Pwani ya Mashariki, husababishwa na kimelea kiitwacho Theileria parva kinachosambazwa na kupe wa masikio. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, waliendeleza njia ya kuikinga: ng'ombe mzima hudungwa vimelea hai vya ugonjwa wenyewe, na siku hiyo hiyo hudungwa antibiotiki ya tetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu ili ugonjwa usipande. Hapa mnyama mmoja hupata sindano ya ugonjwa na sindano ya dawa kwa pamoja, na jumla yake ndiyo chanjo. Mfugaji anayeambiwa tu kwamba "atachomwa mara mbili" ana haki ya kushangaa.

Chapa ya adui

Vitabu vya afya vya miaka ya 1990 na 2000 vilitufundisha kwamba mwilini mna askari. Chembechembe nyeupe za damu ni askari, kingamwili ni silaha zao, virusi ni adui. Sitiari hiyo ilifaa katika mabango ya UKIMWI, lakini kwa anayesoma elimu ya kinga inapotosha katika jambo la msingi. Askari humpiga yeyote anayevunja mlango. Seli ya kinga haifanyi hivyo. Kazi yake ya kwanza ni kutambua, na kila ukoo wa seli hutambua umbo moja tu.

Kwa wafugaji wa Bonde la Ufa ipo sitiari iliyo karibu zaidi, nayo ni chapa. Ng'ombe aliyepotea hutambuliwa kwa alama iliyochomwa ubavuni au iliyokatwa sikioni. Kila kirusi kina alama zake juu ya ganda lake, vipande vya protini vyenye umbo maalumu. Wanasayansi huziita antijeni. Seli B huzitambua alama hizo na kutengeneza kingamwili, protini zinazolingana na alama kama kitasa na ufunguo wake. Kingamwili zikishalishika ganda, kirusi hakiwezi tena kuingia katika seli ya mwili, na seli zinazomeza vijidudu hukiona kwa urahisi. Seli T, kwa upande wao, huzisaka seli za mwili ambazo virusi vimekwisha kuziingia na kuziua. Vita vikiisha, baadhi ya seli zilizotambua alama hubaki miaka mingi. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya kinga, na chanjo haina kazi nyingine ila kuiacha kumbukumbu hiyo bila kuuacha ugonjwa.

Tukiwa na sitiari hii tunaweza kueleza jambo ambalo sitiari ya askari hailiwezi: kwa nini sotoka imeondoka duniani na ugonjwa wa miguu na midomo ungalipo Moi's Bridge.

Sotoka iliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia mwaka 1891 ilikuwa imeteketeza mifugo ya Afrika Mashariki. Wamaasai huzikumbuka zama hizo kwa jina la Emutai, kwa kuwa ng'ombe walikwisha, kisha ndui na ukame vikawakuta watu wakiwa na njaa. Ilipofika Afrika Kusini mwaka 1896, Robert Koch aliitwa kutoka Ujerumani, akajaribu kuwakinga ng'ombe kwa nyongo ya wale waliokufa kwa ugonjwa huo. Njia hiyo na nyingine za seramu zilizofuata zilisaidia, lakini zilikuwa ghali na za hatari.

Ufumbuzi wa kudumu ulipatikana hapa petu. Katika maabara ya Shirika la Utafiti wa Mifugo la Afrika Mashariki huko Muguga, Walter Plowright na R. D. Ferris walichukua aina ya virusi vya sotoka iliyokuwa imehifadhiwa Kabete tangu mwanzoni mwa miaka ya 1910, wakaikuza ndani ya seli za figo za ndama. Walihamisha virusi kutoka chupa hadi chupa, mara takribani 90. Katika kila uhamisho virusi vilizoea zaidi kuishi chupani na kusahau namna ya kumuua ng'ombe. Mwishowe vilibakiwa na chapa yao yote, ila ukali ulikuwa umekwisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1962. Msomaji azingatie neno kudhoofisha tunalolitumia kwa kazi hiyo: virusi vilivyodhoofishwa ni hai, vinazaana, na mwili huvichukulia kuwa ugonjwa wa kweli. Ndiyo maana dozi moja iliweza kumkinga ng'ombe maisha yake yote. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999.

Chanjo hiyo ilikuwa na udhaifu mmoja, nao ni joto. Bila barafu ilikufa njiani. Kampeni kubwa iliyoanza mwaka 1962 na kumalizika mwaka 1976, iliyozifikia nchi 22 za Afrika, ilikaribia kuumaliza ugonjwa lakini ukarudi. Mnamo mwaka 1990 Jeffrey Mariner na wenzake walibadili namna ya kuikausha chanjo ile ile ya Plowright hata ikaweza kukaa takribani mwezi mmoja nje ya jokofu. Hapo ndipo watu wasio madaktari, wafugaji wenyewe waliopewa mafunzo mafupi, walipoweza kuibeba kwa miguu hadi Karamoja na kusini mwa Sudani. Kwa maoni yetu hii ndiyo sehemu ya historia ya sotoka ambayo wanaisimu wangepaswa kuisoma zaidi. Kwa muda mrefu sayansi ilikuwa imekamilika maabarani. Ilishinda ilipowafikia watu waliojua kuieleza kwa lugha za malishoni.

Mara ya mwisho virusi vya sotoka kuonekana duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Taifa ya Meru, hapa hapa Kenya. Mwaka 2011 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani na lile la Chakula na Kilimo yalitangaza kwamba sotoka imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili kutokomezwa na binadamu baada ya ndui, na wa kwanza wa wanyama.

Sasa tuulize chapa. Virusi vya sotoka vilikuwa na koo mbalimbali, lakini kwa macho ya kinga chapa yao ilikuwa moja. Chanjo ya Muguga ilifaa Senegali, ikafaa India. Ng'ombe aliyepona alikingwa maisha yake yote na hakuendelea kubeba virusi kimyakimya. Virusi vya miguu na midomo ni kinyume chake. Vina aina kuu saba: O, A, C, Asia 1, na zile tatu zinazoitwa SAT 1, SAT 2 na SAT 3. Ng'ombe aliyekingwa dhidi ya aina ya O ni kama hakuchanjwa mbele ya SAT 2. Hata ndani ya aina moja chapa hubadilika kidogo kidogo, kama mwizi anayechoma alama mpya juu ya alama ya zamani. Chanjo yenyewe hutengenezwa kwa virusi vilivyouawa, kwa hiyo haiwezi kuleta ugonjwa, lakini pia mwili hausisimki sana. Kinga hufifia baada ya miezi michache na sharti chanjo irudiwe, kwa kawaida kila miezi sita. Juu ya hayo, nyati anaweza kubeba virusi vya SAT kooni kwa miaka bila kuugua.

Mwaka 2004 aina ya C ilionekana Kenya na Brazili, na tangu hapo haijathibitishwa tena popote. Nyingine nne, O, A, SAT 1 na SAT 2, ndizo zinazowasumbua wafugaji wa Kenya. Mfugaji wa Moi's Bridge anayesema "nilichanja mwaka jana na bado wameugua" hasemi uongo, wala chanjo si lazima iwe ilikuwa mbovu. Anayemhudumia anapaswa kuweza kumuuliza, kwa Kiswahili kinachoeleweka, alichanja lini na dhidi ya chapa zipi.

Hapa pana suala dogo la istilahi. Kwa hizo aina saba, tumesikia zikiitwa makabila ya virusi. Kisayansi jina hilo si baya. Lakini katika Uasin Gishu, kaunti iliyoumizwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, daktari anayemwambia mfugaji kwamba ng'ombe wake wamevamiwa na kabila jingine ameanzisha mazungumzo asiyoyakusudia. Aina yatosha, chapa ni bora zaidi.

Dang'a na kifuko cha kuku

Kiswahili kina neno dang'a, maziwa mazito ya njano ya mnyama aliyezaa sasa hivi. Wafugaji wengi wa huku hawalitumii. Husema maziwa ya kwanza. Tungependa lirudishwe, kwa sababu linataja kitu ambacho katika elimu ya kinga ya wanyama ni sura nzima.

Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa na kingamwili za mama yake, zilizopita kwenye kondo la nyuma. Kondo la ng'ombe halizipitishi. Ndama huanguka kwenye nyasi akiwa karibu mtupu, na kingamwili zake zote za mwanzo zimo ndani ya dang'a. Utumbo wake huzipokea zikiwa nzima kwa saa chache tu. Baada ya siku moja mlango hufungwa, na dang'a huwa chakula kama maziwa mengine. Ndama anayenyweshwa jioni kwa kuwa asubuhi watu walikuwa shambani amepoteza sehemu kubwa ya urithi wake. Dang'a haipokelewi na wanunuzi wa maziwa, na pengine ndiyo sababu wapo wanaoimwaga.

Kinga hii ya kurithi ina kitendawili. Kingamwili za mama zikiwa bado nyingi katika damu ya ndama, huishika chanjo hai na kuizima kabla haijafundisha kitu. Katika kampeni za sotoka ndama waliozaliwa na mama waliochanjwa walisumbua sana kwa sababu hiyo: walionekana wamechanjwa, kumbe hawakukingwa. Kiswahili hulieleza hili vizuri kikiachwa kifanye kazi yake. Kitenzi kinga maana yake ni kuzuia, na pia ni kutega chombo ili kupokea, kama mtu anavyokinga maji ya mvua. Ndama hukinga dang'a, na dang'a humkinga; ila anayekingwa mno hafundishiki bado.

Kuku nao wamechangia zaidi kuliko wanavyosifiwa. Herufi B katika jina la seli B inatokana na kifuko kidogo kilicho karibu na tupu ya kuku, kifuko cha Fabricius. Mwaka 1956 Bruce Glick na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba kuku aliyekatwa kifuko hicho mapema hawezi kutengeneza kingamwili ipasavyo. Mfugaji wa kuku wa Moi's Bridge anakijua kifuko hicho kwa jina la ugonjwa wake, Gumboro, unaoletwa na virusi vinavyokishambulia. Kifaranga aliyenusurika Gumboro anaweza kuchanjwa dhidi ya kideri na bado akafa kwa kideri, kwa kuwa mahali pa kujifunzia pameharibiwa. Tafsiri ya UKIMWI iliwahi kutolewa kuwa ukosefu wa kinga mwilini, na baadaye upungufu likashika nafasi yake. Kwa kifaranga wa Gumboro upungufu ndilo neno lenyewe: kinga ipo, haitoshi.

Homa nyingi mno

Neno linalomtesa zaidi mwanafunzi ni homa. Homa ya Bonde la Ufa husababishwa na virusi. Daubney, Hudson na Garnham walivieleza mwaka 1931 kutokana na vifo vya kondoo karibu na Ziwa Naivasha, na mlipuko wa 2006 hadi 2007 uliua zaidi ya watu 100 nchini Kenya. Huenezwa na mbu, na pia kwa kugusa damu au mimba iliyoharibika. Homa ya Pwani ya Mashariki, tumekwisha kuona, ni ya kimelea na kupe. Homa ya mapafu ya ng'ombe ni ya aina ya bakteria, nayo hupitia hewani. Homa ya nguruwe ya Afrika ni ya virusi, na haina tiba. Homa ya maziwa ndiyo kichekesho cha orodha: haina kijidudu chochote, ni upungufu wa kalisi kwa ng'ombe aliyezaa, na mara nyingi mwili wake huwa baridi badala ya moto.

Aliyezitaja hizi zote homa alitaja dalili, si chanzo, na mfugaji husikia dalili moja na kutarajia dawa moja. Hatuamini kwamba majina haya yanaweza kufutwa; yamekwisha kuzoeleka. Linalowezekana ni kulisindikiza kila jina na chanzo chake. Tukisema homa ya Bonde la Ufa, tuseme pia ni ya virusi na mbu. Hii si anasa ya kitaaluma. Chanjo kongwe ya homa hiyo, yenye virusi vilivyodhoofishwa, inaweza kumtoa mimba kondoo aliyebeba, ilhali ile ya virusi vilivyouawa haimdhuru. Mfugaji anayeuliza "je, chanjo inaweza kuleta ugonjwa?" anastahili jibu lenye sehemu mbili, na sehemu hizo haziwezi kutamkwa bila kutofautisha kudhoofisha na kuua.

Kuhusu virusi vyenyewe, ubishi wa ngeli haujaisha. Wengine hutumia virusi kwa kimoja na kwa vingi. Kirusi katika umoja ni sahihi kwa upatanisho, hata kama mwanafunzi mmoja nyuma ya darasa atauliza inakuwaje lugha ya Moscow inaambukiza.

Chanya na hasi

Tumalizie na neno linalotumika sana maabarani. Damu ikipimwa na kingamwili zikapatikana, matokeo huitwa chanya. Katika Kiswahili cha kawaida jambo chanya ni jambo jema, ilhali katika kliniki za UKIMWI watu walijifunza kuliogopa neno hilo. Kwa ng'ombe si jema wala si baya. Linasema tu kwamba mwili umekutana na chapa fulani. Halisemi ulikutana nayo malishoni au kwenye chupa ya chanjo.

Utata huu uliwasumbua hata wataalamu wa sotoka. Ng'ombe aliyechanjwa na aliyepona walitoa matokeo yale yale, na nchi isingeweza kuthibitisha kwamba virusi vimetoweka maadamu iliendelea kuchanja. Ilibidi chanjo isimamishwe, ikasimama kila mahali kufikia mwaka 2006, kisha wakapimwa wanyama waliozaliwa baadaye, ambao hawakuwahi kuonja sindano hiyo. Hao walipoonekana hasi ndipo dunia ilipoamini. Kwa ugonjwa wa miguu na midomo vipo sasa vipimo vinavyotafuta kingamwili dhidi ya zile protini za kirusi ambazo huondolewa chanjo inaposafishwa, hivyo aliyeugua hutengana na aliyechanjwa, endapo chanjo iliyotumika ilisafishwa vyema.

Kwa hiyo mwanafunzi anayepeleka matokeo kwa mfugaji asilitaje neno chanya peke yake. Aseme: "Mzee, damu ya ng'ombe huyu inaonyesha ameshakutana na ugonjwa huu au na chanjo yake. Ulimchanja lini mara ya mwisho, na chupa bado unayo?"